Mzee wa Mkono wa Kushoto: Maisha ya John Ambrose Fleming (1849–1945)



Mhariri aliponiomba niandike juu ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, najua alitegemea nimletee Nyerere, Lumumba au Nkrumah. Hao wameandikwa sana katika kurasa hizi, tena na watu wa historia na siasa wanaojua wanachokisema. Mimi ni mtu wa umeme. Kwa hiyo nimewaletea mtu wa umeme, Mwingereza, na msiseme hamumjui. Kila aliyesoma fizikia sekondari, iwe Tabora, Machakos au Gulu, amewahi kumtumia.

Kumbukeni chumba cha mtihani. Swali la mota limefika. Ghafla nusu ya darasa inanyanyua mkono wa kushoto na kuanza kuukunjakunja: dole gumba juu, kidole cha shahada mbele, cha kati pembeni. Gumba ni mwendo, cha shahada ni uga wa sumaku, cha kati ni mkondo wa umeme. Msimamizi anakodoa macho, anadhani tunapeana majibu. Ile ndiyo kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming. Tuliikariri, tukapata maksi zetu, na hakuna aliyeuliza Fleming ni nani. Mimi pia sikuuliza. Nimekuja kumfahamu hapa Uingereza miaka mingi baadaye, na sababu ni kwamba nilikuwa nimeharibu mali ya mtu.

Jinsi nilivyoharibu

Nilipofika hapa mwaka 2022 kuanza udaktari, nilipanga chumba kwa mzee mmoja mjane aliyepita miaka themanini. Sebuleni kwake kulikuwa na amplifaya ya valvu aliyoinunua mwaka 1964, alipokuwa kijana wa umri kama wangu. Kwa wasioijua valvu: ni zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za zamani, kabla ya transista. Babu yangu alikuwa na redio ya namna hiyo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wakati nazaliwa ilikuwa imeshakufa. Ya huyu mzee ilikuwa hai. Kila Jumapili jioni aliiwasha, akasubiri ipate moto, akaweka santuri za marehemu mkewe.

Kilichonishangaza ni daftari. Pembeni ya amplifaya alikuwa na daftari dogo ambamo kwa miaka zaidi ya hamsini ameandika kila kitu alichoifanyia: tarehe aliyobadilisha valvu, ipi ilikuwa imechoka, kapasita ipi ilianza kuvuja, volti ngapi alipima wapi. Mimi gari langu la kwanza nyumbani sikulijua hata tarehe ya kubadilisha oili.

Siku moja valvu moja ikafa. Haikuwa kati ya zile zinazokuza sauti. Ilikuwa ile inayopokea umeme kwenye transfoma na kuunyoosha. Umeme wa ukutani huku, kama wa kwetu, unakwenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa sekunde, na amplifaya inataka umeme wa kwenda upande mmoja tu. Kazi ya valvu ile ni kuruhusu wa kwenda na kuzuia wa kurudi. Mpya ni ghali, na nzuri za zamani ni ghali zaidi. Nikamwambia mzee asijisumbue. Mimi utafiti wangu ni huohuo wa kunyoosha umeme kwa vifaa vya silikoni! Nilimwekea diodi mbili ndogo zilizogharimu chini ya pauni moja, nikajisifu kidogo, nikawasha.

Nilichosahau ni hiki. Valvu hupata moto polepole, na umeme wake hupanda polepole wakati valvu nyingine nazo zinaamka. Diodi ya silikoni haisubiri mtu. Volti zote zilifika palepale, wakati valvu nyingine bado baridi na hazijaanza kuvuta umeme. Volti zikapanda kupita kawaida, na kapasita ya miaka mingi ikapasuka kwa kishindo. Sebule ikajaa moshi na harufu mbaya. Mzee hakusema neno. Alichukua daftari, akaandika tarehe na kilichotokea, akalifunga.

Usiku ule nilianza kusoma habari za valvu ile ilitoka wapi. Nikakuta jina: Fleming. Nikadhani ni mwingine. Kumbe ni yuleyule wa mkono wa kushoto.

Mtoto wa mchungaji

John Ambrose Fleming alizaliwa mjini Lancaster, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 29 Novemba 1849. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Congregational, na yeye alikuwa mkubwa kati ya watoto saba. Alipokuwa bado mdogo familia ilihamia London. Wanaotoka familia za wachungaji wanajua hali ilivyo: heshima ipo, vitabu vipo, fedha hakuna. Mtoto alikuwa na kikarakana chake nyumbani, anatengeneza mashine ndogondogo na meli za kuchezea, na tangu utotoni alisema anataka kuwa mhandisi. Lakini kusomea uhandisi wakati ule kulitaka kumlipa mhandisi akuchukue kama mwanafunzi wake, na fedha hizo mzazi hakuwa nazo.

Basi akaenda University College London kusoma sayansi. Hata huko ada ilimshinda katikati, akaajiriwa karani kwenye ofisi ya watu wa soko la hisa, akawa anasoma usiku. Mwaka 1870 alipata shahada yake, tena akiwa kati ya wawili wa juu kabisa. Nawaandikia hili ninyi mnaofanya kazi ghala usiku na kuja maabara asubuhi macho mekundu. Si ninyi wa kwanza.

Baada ya hapo alifundisha shule za sekondari, akaweka akiba, akasoma tena, akafundisha tena. Mwaka 1877, akiwa na miaka 27, umri ambao wenzake walishaanza maisha, aliacha ualimu na kwenda Cambridge kwa sababu moja: James Clerk Maxwell alikuwa pale. Maxwell ndiye aliyeandika milinganyo inayoeleza umeme na sumaku kwa pamoja, milinganyo ileile inayotutoa jasho mwaka wa pili. Mihadhara yake ilikuwa migumu na wasikilizaji wachache. Kuna wakati Fleming alikaa mbele ya Maxwell karibu peke yake darasani. Maxwell alifariki mwaka 1879. Fleming alimwahi kwa miaka miwili tu.

Ubao na chaki

Mwaka 1882 akawa mshauri wa kampuni ya taa za umeme ya Edison mjini London. Ndio kwanza taa za umeme zilikuwa zinaanza. Pale alikutana na tatizo dogo ambalo wengi walilipita: taa zikitumika muda mrefu, kioo chake kinakuwa cheusi kwa ndani. Edison mwenyewe huko Marekani alikwishaona kwamba ukiweka kibati ndani ya taa, umeme unaweza kupita katikati ya ombwe kutoka kwenye waya wa moto hadi kwenye kibati. Aliuchukulia hataza, kisha akaendelea na mambo mengine. Fleming hakuachana nao. Kwa miaka alitengenezesha taa maalumu zenye vibati ndani, akapima, akaandika. Aliona wazi kwamba umeme ule unapita upande mmoja tu. Hakuona faida yake. Akazifungia taa zile kabatini.

Mwaka 1885 UCL ilimfanya profesa wa kwanza wa teknolojia ya umeme. Cheo kikubwa, lakini inasimuliwa kwamba vifaa alivyokabidhiwa vilikuwa ubao na chaki. Maabara aliijenga polepole mwenyewe. Alikaa katika kiti kile miaka 41, mpaka mwaka 1926. Ni katika kufundisha ndipo alipobuni zile kanuni za mikono, ya kushoto kwa mota na ya kulia kwa jenereta. Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Wanafunzi walikuwa wanachanganya pande. Profesa mwingine angewakaripia. Yeye alitafuta kitu ambacho kila mwanafunzi anakuja nacho darasani, hata maskini, akakuta ni vidole. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipotufikia sisi. Shule yangu ya kata haikuwa na mota hata moja ya kuonyesha, lakini mikono tulikuwa nayo.

Marconi na yule wa mazingaombwe

Mwaka 1899 alichukuliwa na Guglielmo Marconi, kijana Mwitaliano aliyekuwa anauza kwa dunia habari ya simu bila waya. Marconi alikuwa na ndoto ya kuvusha ishara juu ya bahari ya Atlantiki. Mitambo aliyokuwa nayo ilikuwa midogo, ya kuwekwa mezani. Aliyejua kujenga mitambo mikubwa ya umeme ni Fleming. Kituo kilijengwa Poldhu, kule Cornwall, na Fleming ndiye aliyesanifu mtambo wa kurushia, wenye injini na jenereta, kitu cha ukubwa ambao hakuna aliyewahi kuujaribu. Septemba 1901 dhoruba iliangusha nguzo zote 20 za antena. Wakaanza upya. Tarehe 12 Desemba 1901, huko Newfoundland, Marconi alitangaza kwamba amesikia herufi S, nukta tatu, kutoka Poldhu.

Dunia nzima ikamshangilia Marconi. Fleming alikuwa ameshaelezwa mapema na kampuni kwamba ikifanikiwa, sifa kuu itakuwa ya Marconi, na yeye atapata hisa. Alikubali. Lakini kukubali jambo kabla halijatokea ni rahisi kuliko kuliishi, na kwa maisha yake yote yaliyobaki lilimkera.

Halafu ikaja aibu ya mwaka 1903. Kampuni ya Marconi ilikuwa inatangaza kwamba mawasiliano yake ni ya siri, hayaingiliki. Juni mwaka ule Fleming alitoa mhadhara mbele ya wakubwa katika Royal Institution, London, ambapo ujumbe wa Marconi ulikuwa upokelewe kutoka Cornwall. Kabla ya muda kufika, mashine ikaanza kugonga yenyewe. Msaidizi wake akaisoma na kupigwa na butwaa: neno la dharau likirudiwa, kisha mashairi ya kumkebehi Mwitaliano anayedanganya watu. Mtu alikuwa anarusha ishara zake kutoka jirani. Fleming mwenyewe, ambaye masikio yake yalikwishaanza kuwa mazito, aliendelea na mhadhara bila kujua.

Alipoambiwa alikasirika sana, akaandika gazetini kuwaomba wananchi wamsaidie kumpata mhuni. Mhuni akajitokeza mwenyewe kwa furaha. Alikuwa Nevil Maskelyne, mtu wa mazingaombwe jukwaani na fundi mzuri wa redio, ambaye kampuni ya simu za nyaya za baharini, Eastern, ilikuwa imemtumia kumpeleleza Marconi. Kampuni dada ya hiyohiyo Eastern ndiyo iliyofikisha waya wa simu Zanzibar mwaka 1879, kwa hiyo ugomvi huu ulikuwa na mkia hadi kwetu. Maskelyne alijitetea kwamba amefanya kwa faida ya umma, kuonyesha kwamba kisemwacho siri si siri. Wenzetu wa kompyuta mnamtambua mtu wa aina hii. Na ukweli ni kwamba alikuwa na haki. Fleming alikasirika badala ya kusikiliza.

Mwisho wa mwaka 1903 kampuni ilimwacha bila mkataba. Akawa na miaka 54, profesa mwenye jina, lakini mlango wa kazi aliyoipenda kuliko zote umefungwa.

Taa kutoka kabatini

Hapa ndipo tunapofika kwenye valvu. Tatizo la redio wakati ule lilikuwa kupokea. Mawimbi ya redio ni umeme unaokwenda na kurudi mara nyingi mno kwa sekunde, na mita ya kawaida haiwezi kuufuata. Sindano inasukumwa mbele na nyuma kwa haraka mpaka inabaki imesimama. Wengine walitumia kipokezi cha masikioni, lakini kwa mtu ambaye masikio yanamkimbia hilo si jibu. Wako wanaosema uziwi wake ndio uliomfanya atake kitu cha kuona kwa macho.

Oktoba 1904 akajiuliza: nikipata kitu cha kuruhusu mkondo wa kwenda na kuzuia wa kurudi, si sindano itacheza? Ndipo akazikumbuka taa zake za kabatini. Akamwambia msaidizi wake azitoe na kuzijaribu. Sindano ikacheza siku ileile.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Waya wa ndani ukipata moto unachemsha elektroni zinatoka, kama mvuke kwenye sufuria. Kibati kikiwa na chaji chanya, elektroni zinakimbilia kwake, na mkondo unapita. Kikigeuka kuwa hasi, zinasukumwa zirudi, mkondo unakatika. Ni mlango wa upande mmoja, kama ule wa moyo, ndiyo maana akauita valvu. Tarehe 16 Novemba 1904 akapeleka maombi ya hataza. Mwisho wa mwezi akamwandikia Marconi kumweleza alichokipata, akisisitiza kwamba hajamwambia mtu mwingine. Ukijua hali yake unaelewa barua ile ilikuwa inaomba nini. Mwaka 1905 kampuni ilimrudisha kazini. Na hataza ikawa ya kampuni.

Mahakamani

Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alitengeneza taa inayofanana na ile, na muda mfupi baadaye akaongeza kitu cha tatu, kiwavu chembamba kati ya waya wa moto na kibati. Umeme kidogo kwenye kiwavu uliweza kuongoza umeme mwingi. Hapo ndipo sauti ndogo ikaweza kukuzwa kuwa kubwa. Kila amplifaya, kutoka ya msikiti hadi ya muziki wa dansi, imetokana na kiwavu kile.

De Forest alikana katakata kwamba amechukua kwa Fleming. Fleming hakumsamehe hadi kufa. Kesi zikaenda miaka na miaka. Mwaka 1916 mahakama ya Marekani iliamua jambo la kuchekesha: taa ya de Forest imeingilia hataza ya Fleming, na kampuni ya Marconi nayo imeingilia hataza ya de Forest ya kiwavu. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kutengeneza taa yenye kiwavu bila ruhusa ya mwenzake. Kisha mwaka 1943, Fleming akiwa na miaka 93, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hataza yake ilikuwa batili. Mzee alisubiri karibu miaka arobaini ili aambiwe hivyo.

Kuwa wa haki, wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Bila mlango wa Fleming hakuna mahali pa kuweka kiwavu, na bila kiwavu mlango ungebaki kifaa kidogo cha maabara. Lakini ukisoma maandishi yao, kila mmoja anamtaja mwenzake kama mtu anayetaja deni. Hapa simsifu Fleming. Alikuwa mwalimu bora na mtu mwepesi wa kuumia. Alikuwa pia mwenye misimamo mizito: mcha Mungu sana, na mwaka 1932 alikuwa kati ya walioanzisha chama cha kupinga nadharia ya mageuko ya viumbe. Mtu akiwa sahihi juu ya elektroni haina maana yuko sahihi juu ya kila kitu, na sisi wahandisi tunalisahau hilo mara nyingi.

Uzee

Mkewe wa kwanza, Clara, alifariki mwaka 1917. Hawakujaliwa watoto. Alipostaafu alihamia Sidmouth, mji mdogo wa pwani kule Devon, na mwaka 1929 Mfalme alimpa cheo cha Sir. Mwaka 1933, akiwa na miaka 83, alioa tena, na aliyemwoa alikuwa mwimbaji, Olive Franks. Wazia: mzee ambaye kifaa chake kimeipa dunia redio na santuri za umeme, masikio yamekwisha, anaoa mwanamke wa nyimbo.

Alifariki Sidmouth tarehe 18 Aprili 1945, wiki tatu kabla ya vita kwisha Ulaya, akiwa na miaka 95. Alizaliwa wakati taarifa za nje ya nchi zilikuwa zinakuja kwa meli, akaondoka wakati wa rada na kompyuta za kwanza za valvu. Miaka miwili na nusu baadaye, Desemba 1947, wanasayansi wa maabara za Bell huko Marekani walitengeneza transista, na valvu zikaanza kuondoka moja moja.

Nilichojifunza

Zikaondoka, lakini si zote. Urusi, Slovakia na China bado kuna viwanda vinavyotengeneza valvu za amplifaya. Za zamani zinazotafutwa sana kwa kazi ile ya kunyoosha umeme ni za Mullard, zilizotengenezwa Blackburn, mkoa uleule wa Lancashire alikozaliwa Fleming. Nilijibana miezi miwili nikamnunulia mzee moja. Nikatoa diodi zangu, nikabadilisha kapasita zote kubwa, na safari hii niliziondoa chaji kwanza na kupima kabla ya kugusa, maana volti mia tatu na zaidi haziulizi una shahada ngapi. Niliiamsha kwa umeme mdogo kwanza, nikaongeza polepole. Mzee aliniachia nafasi kwenye daftari niandike mwenyewe.

Sasa nimeelewa kwa nini mtu anakaa na mashine moja miaka sitini. Si kwamba haiharibiki. Inaharibika kila mara, ila kila kinachoharibika kinafunguka, kinaonekana na kubadilishwa. Alichotakiwa mzee ni kuijua tu, na kuandika.

La pili linanihusu mimi na huenda wewe. Mwaka wangu wa kwanza niliwekewa mbele karatasi za mfadhili wa utafiti, nikasaini bila kusoma. Nilikuwa na haraka ya kufungua akaunti ya benki! Mwaka wa pili nilibuni sakiti ndogo ya kunyoosha umeme ambayo ingefaa sana kwenye mitambo ya sola ya vijijini kwetu. Jina langu limo kwenye maombi ya hataza, lakini mwenye mali ni mfadhili. Nimeomba ruhusa niitumie kwa mradi mdogo wa zahanati kule kijijini kwa mama. Mpaka ninaandika haya sijajibiwa. Sheria siwezi kuilaumu, saini ni yangu. Lakini Fleming alisaini akijua. Mimi nilisaini nikiwa natafuta kalamu. Jamani, someni mnachokisaini, na mkishindwa kuelewa ulizeni ofisi ya chuo au mwenzenu wa sheria humu humu jumuiyani. Omba mapema kiandikwe kifungu cha matumizi ya nyumbani. Baada ya saini ni kuomba tu.

La mwisho. Mzee wangu naye sasa masikio yanamwacha. Sauti za juu, violini na zile taasa za ngoma, hazisikii tena. Jumapili akiweka santuri ananiuliza mimi kama spika ya kulia inachakacha. Ninasikiliza, namjibu, anaandika. Karibu na mwisho wa daftari zimebaki kurasa chache, na mwezi uliopita alinikabidhi lingine jipya, limeandikwa jina langu juu. Sikumuuliza maana yake.

Kwa hiyo safari nyingine ukimwona mdogo wako nyumbani anakunjakunja mkono wa kushoto akijiandaa na mtihani, mwambie ule mkono una mwenyewe. Na anayetaka kuisikia amplifaya yenyewe aniambie baada ya mkutano wa jumuiya. Mzee anakaribisha wageni, mradi mvue viatu mlangoni.